Kura ya kibarua: tumuulize na tajiri wake

NDUGU zangu Waislamu, kila uchaguzi ukipita huwa naisikia lawama ileile hapa Morogoro: wazee wamepiga kura, vijana wamelala. Ni kweli, tafiti za Afrobarometer katika nchi nyingi za Afrika zimeonyesha kuwa vijana hujitokeza kidogo kuliko wazee. Lakini kusema wamelala ni kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Mtazameni mzee wa Kinole au Mgeta, huko juu Uluguru. Shamba lake liko palepale, kituo cha kura hakiko mbali, na asubuhi moja haimharibii migomba. Mjukuu wake je? Ameteremka kutafuta riziki. Leo anashusha mizigo Msamvu, kesho anatembeza machungwa Kariakoo. Daftari linamtambua kule alikojiandikishia. Asipohamisha taarifa zake mapema, itambidi apande mlima kwa nauli yake. Aliyejiandikisha mjini naye hulipwa kwa siku, na vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, saa zilezile za kibarua. Mwaka 2010 na 2015 tulipiga kura Jumapili. Jumapili ya karani si Jumapili ya mpiga debe!

Asiye na kazi kabisa muda anao, lakini huyo ndiye anayewindwa na wanunuzi wa kura. Takrima iliruhusiwa kisheria mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaibatilisha mwaka 2006. Njaa haibatilishwi na jaji. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji, wote wawili, sisi tunamkemea mpokeaji kijiweni, mtoaji tunampisha safu ya mbele msikitini.

Sasa naomba niseme na nyinyi wenye maduka, mashine na magari. Suratun-Nisaa, aya ya 58 inazungumzia amana, na ya 135 inazungumzia ushahidi. Kura ni vyote viwili. Ukimfungia kijana wako dukani mpaka jioni, umemzuia shahidi. Mpeni nusu siku, na ujira wake msiukate.

Nanyi maimamu, tangazo la kuboresha Daftari lisomwe Ijumaa kabla zoezi halijaanza. Katika uboreshaji wa 2024 na 2025, mikoani zilitengwa siku saba tu.