Kiungo Kinachofichwa Chini ya Zulia

Anayenunua seti ya spika za sinema ya nyumbani mjini Griftu, Wajir Magharibi, hulipia kinachoonekana: ukubwa wa spika, mng'ao wa mtambo, mtikisiko wa wufa. Seti ya kawaida huwa na spika tano na wufa moja. Spika tatu hukaa mbele, pembeni mwa televisheni, na nyaya zake hufika bila taabu. Mbili hukaa nyuma ya wasikilizaji, na mara nyingi waya wa kwenye boksi huishia katikati ya chumba. Fundi huitwa, akaunga kipande kingine, akakizungushia tepu nyeusi, akakipitisha chini ya zulia na kuondoka. Kazi ya dakika chache hiyo, na baada ya leo hakuna atakayeiona. Kwa maoni yangu, kipande hicho kilichofichwa ndicho kinachopima uaminifu wa fundi na busara ya mwenye nyumba kuliko spika zenyewe, na sisi wa Kaskazini Mashariki tuna sababu kubwa ya kukijali kuliko mkazi wa Nairobi.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa waya hauna upendeleo. Chukua waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 0.5. Ukiuvuta mita 10 hadi nyuma ya chumba, umeme unasafiri mita 20, kwenda na kurudi, na katika safari hiyo unakutana na ukinzani wa takriban omu 0.7. Spika nyingi za seti hizi ni za omu 4. Maana yake, karibu asilimia 15 ya nguvu iliyotoka kwenye mtambo inapotelea njiani, inageuka joto ndani ya waya na haifiki sikioni. Badili uwe waya wa milimita mraba 1.5, na hasara inashuka hadi takriban asilimia 5. Tatizo ni kwamba sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, na kwa rangi huwezi kuutofautisha na shaba halisi mpaka uukwangue. Ukinzani wake ni mkubwa kwa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo ule mwembamba wa 0.5 utakula zaidi ya sehemu moja kwa tano ya nguvu. Muuzaji anayejua hivyo akanyamaza amevunja amana, hata kama mnunuzi hatagundua maisha yake yote. Kisha kuna kiungo chenyewe. Nyuzi zilizosokotwa kwa haraka hulegea na kuingiwa na vumbi, na sauti huanza kukwaruza au kukatika. Gundi ya tepu huyeyuka kwenye joto letu, tepu ikafunguka, nyuzi mbili zikagusana, na shoti hiyo yaweza kuunguza mtambo. Na fundi akikosea akaunga chanya kwa hasi, spika italia kama kawaida, ila itasukuma hewa wakati wenzake wanavuta. Besi itafifia, na mwenye nyumba atalaumu spika isiyo na kosa.

Najua jibu litakalokuja, na ni zito. Katika nchi ambako ukame umemaliza mifugo, ambako mji wa Wajir wenyewe umetegemea kwa miaka mingi jenereta za dizeli zilizo nje ya gridi ya taifa, nani ana nafasi ya kujadili spika za nyuma? Lakini mkono unaounga waya wa spika ndio unaounga waya wa paneli ya sola, wa taa ya zahanati na wa pampu ya kisima. Umeme wa sola wa volti 12 ni mdogo mno kuvumilia uzembe. Pitisha ampea 5 kwenye mita 10 za waya wa milimita mraba 1.5, na zaidi ya volti moja imepotea kabla ya kufika kwenye taa, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya ulichonacho. Kiungo kilicholegea kwenye waya wa betri hupata moto, na moto huo unaweza kuchoma nyumba. Pale Garissa serikali ilizindua mtambo wa sola wa megawati 50 mwaka 2019, na kila mtu aliuona. Ila umeme, uwe wa mtambo ule au wa paneli moja juu ya bati Griftu, humfikia mtu kwa kupitia viungo ambavyo hakuna anayevizindua. Fundi aliyezoea kulipua kazi ya spika kwa sababu ni anasa hataanza uangalifu siku atakapoitwa kisimani.

Wapo pia watakaosema kwamba huu ni mlango wa kuuziwa nyaya za bei ya kutisha, zenye ncha za dhahabu. Hapo nakubaliana nao kabisa. Waya wa shaba halisi wenye unene wa kutosha, ule ule wa duka la vifaa vya umeme, unatosha, na anayekuambia vinginevyo anatafuta fedha zako. Wengine watasema nunua spika zisizotumia waya. Hizo nazo zinahitaji umeme kila moja kwa upande wake, na katika nyumba inayoishi kwa betri huo ni mzigo mwingine wa usiku. Na yule anayesema tepu imetumika siku zote na hapajaharibika kitu, amehesabu nyumba ambazo bado zinalia tu.

Kazi nzuri haina siri. Waya mpya usiwe mwembamba kuliko wa zamani. Nyuzi zisokotwe kwa nguvu na kuchomewa kwa risasi, au zikazwe kwa skrubu kwenye kiunganishi. Viungo viwili, cha chanya na cha hasi, vipishane, visikae bega kwa bega, na kila kimoja kivikwe mpira unaojikaza kwa joto. Alama ya chanya ifuatwe kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyongeza ya gharama ni ndogo, na fundi anayeifanya anastahili kulipwa zaidi ya yule asiyeifanya, jambo ambalo wengi wetu tunalikataa tunapopatana bei. Kwa hiyo msomaji, fundi atakapokuja, kaa naye, mwombe akuonyeshe kiungo kabla hajakifunika, na ukikiona kimefanywa vizuri mlipe bila kumpunguzia.