Mabomu Yaliyokosa Daraja

Mwanangu, daraja la reli ukilitazama kutoka juu angani ni jembamba mno. Bomu likipotoka kidogo kushoto, limeangukia maji. Likipotoka kulia, maji vilevile. Marubani wa Kikosi cha 490 cha ndege za mabomu za Marekani walilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana karibu mwaka mzima wa 1943 kazi yao ilikuwa kukosa madaraja.

Najua una haraka. Nipe muda kidogo, kwani kikosi hiki kina habari mbili, na ya pili ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Kilianzishwa Karachi, Septemba 1942, wakati Karachi ingali India ya Waingereza. Ndege zao zilikuwa B-25, za injini mbili. Wajapani walikuwa wameiteka Burma, na mchele wao, risasi zao na askari wao vilisafiri kwa treni. Burma ni nchi ya mito. Kata daraja, na treni imesimama. Mezani, juu ya ramani, kazi ilikuwa nyepesi.

Walipodondosha mabomu kutoka juu, yalitawanyika. Wakashuka chini kabisa, karibu waguse miti. Hapo likazuka tatizo jingine. Umewahi kurusha kijiwe bapa ziwani ukakiona kikidundadunda juu ya maji? Bomu likiachiwa na ndege inayoruka chini linakwenda mbele kama lililolala, likigusa chini linaruka tena. Na mabomu hayo yalikuwa yametegwa yachelewe kulipuka, ili ndege ipate nafasi ya kukimbia. Basi bomu lilifika darajani, likaruka, likapita, likalipuka ng'ambo. Daraja zima! Lile la Myitnge, kusini ya Mandalay, waliliendea tena na tena, nalo likabaki linawatazama.

Lakini hawakuficha. Kila mtindo walioujaribu ulijulikana: urefu wa kuruka, kasi, pembe, na mahali bomu lilipoishia. Waliokosa walisema wamekosa, kesho yake wakajaribu namna nyingine. Wakubwa wao hawakufurahi, nadhani. Nani hufurahia ripoti kama hizo?

Tarehe 1 Januari 1944, Meja Robert Erdin alikuwa akiliendea daraja la reli la Mto Mu. Akiwa chini sana akaona kikwazo mbele yake, akainua pua ya ndege ghafla, na papo hapo akaachia mabomu. Hakupanga. Walipotazama nyuma, vipande viwili vya daraja vilikuwa ndani ya maji.

Wewe ungesema ni bahati. Hata mimi ningesema hivyo, ningekwenda kunywa chai. Wao walikaa chini wakajiuliza kwa nini safari hii limekubali. Wakagundua kwamba ndege ikishuka kwa mteremko mdogo, kisha ikainuka kidogo wakati wa kuachia, bomu linaanguka kwa pembe ya kuzama badala ya kudunda. Wakaufanyia mazoezi mtindo huo mpaka ukawa wa kila rubani, si wa Erdin peke yake. Kufikia mwisho wa vita walikuwa wameangusha madaraja zaidi ya 100, na jina likawashika: Wavunja Madaraja wa Burma.

Nataka uelewe kitu hapa. Bahati ile ingeweza kumwangukia mtu yeyote. Iliwafaa wao kwa sababu walikuwa na mabomu mengi yaliyokosa ya kulinganisha nayo. Asiyeandika makosa yake hawezi hata kutambua siku aliyopatia.

Simsifii mtu kwa kubomoa, usinielewe vibaya. Ndani ya treni zile mlikuwa na watoto wa watu. Na katika vita hiyohiyo tulikuwamo na sisi. Mjomba wangu alikuwa Keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Waingereza, akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, pamoja na vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Walishuka Bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua ya masika ya huko ikiwanyeshea mchana na usiku, mpaka Kalewa, ambako Desemba lilijengwa daraja la vyuma juu ya Mto Chindwin. Mjomba alilivuka. Ndege alizisikia tu juu ya mawingu. Alipokuwa akisimulia hakuwataja mashujaa. Alitaja matope, nyumbu waliokuwa wakizama na mizigo, na miguu iliyooza ndani ya viatu.

Vita ikaisha, kikosi kikavunjwa. Miaka ya 1950 kikafufuliwa huko Texas na ndege za B-47, za injini sita, zenye kubeba bomu la nyuklia. Sehemu hiyo naipita. Mwaka 1962 kikapewa sura mpya kabisa: hakuna ndege tena, hakuna rubani. Kikosi cha 490 kikawa cha makombora, katika kambi ya Malmstrom, jimbo la Montana, na kiko huko hadi leo.

Montana ni nchi ya ngano, ng'ombe na theluji. Makombora yanayoitwa Minuteman yamesimamishwa ndani ya mashimo, katikati ya mashamba ya watu. Mkulima analima, na nje ya uzio wake kuna mfuniko wa zege. Chini yake kuna silaha ya kufuta mji ulioko bara jingine kwa muda wa nusu saa hivi. Kila makombora 10 yana chumba chake cha usimamizi, kimechimbiwa chini sana, mlango wake mzito kuliko mlango wa benki. Ndani wanakaa maofisa wawili, zamu ya saa 24. Ufunguo mmoja hautoshi. Lazima funguo mbili zizungushwe kwa pamoja, na zimewekwa mbalimbali makusudi, mtu mmoja asizifikie zote.

Fikiria kazi hiyo, mwanangu. Siku unayoifanya kweli, dunia imekwisha. Kwa hiyo ufanisi wako wote ni kwamba hakuna kilichotokea. Rubani wa Burma alirudi jioni akajua amekosa au amepatia. Huyu wa shimoni atajuaje kama ni hodari? Alikuwa akipimwa kwa mtihani wa karatasi, kila mwezi.

Alama ya kufaulu ilikuwa 90. Lakini wakubwa walizoea kuona 100, na 100 ndiyo iliyokuwa ikitazamwa wakati wa kupanda cheo. Aliyepata 95 alikuwa amefaulu, na hapohapo alikuwa ameharibikiwa. Unaona mtego?

Januari 2014 ulifyatuka. Wachunguzi waliokuwa wakifuatilia habari ya dawa za kulevya walipekua simu za maofisa, wakakuta majibu ya mtihani waliyokuwa wakitumiana kwa ujumbe. Maofisa zaidi ya 90 wa kambi hiyo walisimamishwa zamu wakati wa uchunguzi. Viongozi 9 wakaondolewa kwenye nafasi zao, na mkuu wa kambi akajiuzulu. Si kikosi kimoja tu, ni kambi nzima yenye vikosi vitatu vya makombora, nacho cha 490 kimo. Waziri wa jeshi la anga wakati huo, Deborah Lee James, alieleza kwamba vijana wale hawakuiba mtihani ili wafaulu. Waliiba ili wapate zote.

Nilipoisoma habari hiyo niliiweka chini, nikatoka nje. Maana niliwajua watoto wale. Niliwahi kuwatengeneza.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, unajua. Nilikuwa na mtindo wa kubandika ukutani majina ya waliopata zote, kwa kalamu nyekundu. Wengine sikuwabandika. Aliyepata tisa katika kumi nilimwuliza moja imekwenda wapi, tena mbele ya wenzake. Nikajiona mwalimu mkali anayejali. Darasa likaanza kupata maksi nzuri ajabu, nami nikapongezwa. Kisha siku moja nikasahihisha daftari la kijana mmoja, nikakuta amenakili hadi jibu ambalo mwenzake alikuwa amelikata. Amelinakili, pamoja na mstari wa kulikata. Nikamchapa. Sikujiuliza kwa nini mtoto aogope kiasi hicho. Mtihani wa taifa ulipofika, ukuta wangu mwekundu haukumsaidia mtu.

Mjomba alikuwa bado hai. Nilimsimulia nikimlaumu yule kijana. Akanijibu neno moja la wazee, mficha uchi hazai, akaendelea kumenya muhogo wake. Nilidhani anamsema kijana. Ilinichukua muda mrefu kujua alikuwa ananisema mimi, niliyewafundisha kuficha.

Kule Montana walibadilisha utaratibu. Mtihani wa mwezi ukawa wa kufaulu au kutofaulu, bila alama za kushindanisha watu. Ni dawa ndogo, lakini naiona ya kweli, kwa sababu imempa ofisa nafasi ya kusema hapa sijui bila kupoteza cheo. Hata mimi ningeanzia hapo, kama ningepata darasa tena.

Wewe sasa unaingia karakana. Utapewa msimamizi, naye anaweza kuwa mtu kama mimi wa zamani, mwenye kalamu nyekundu. Usimchukie, na usimdanganye. Kipande ulichokiharibu mpelekee asubuhi, kabla hajaambiwa na wengine, ukiwa umekwisha kuandika ulivyokifunga kwenye mashine, kasi uliyotumia, na mahali kilipopasuka. Atafoka. Mwache amalize. Kisha mwulize yeye alipokuwa mwanafunzi vyake vilikuwa vikipasukia wapi. Mafundi wengi hulijibu swali hilo kwa muda mrefu, kwa hiyo nenda na daftari.