Miche iliyolala kitaluni

Miche ya vitunguu ikikaa kitaluni kupita siku zake hulala. Hurefuka ikawa myembamba kama uzi, ncha zikageuka njano, na ukiing'oa kwenda kuipandikiza haishiki vizuri tena. Septemba 2013 nilisimama kwenye kitalu cha baba mdogo, Malolo, nikaitazama miche ya namna hiyo, ya kutosha ekari moja na nusu. Majaruba yalikwisha kulimwa na kusawazishwa. Zamu yake ya maji ilikuwa imepita mara mbili na hakuna aliyekwenda kufungua. Mama mdogo alinifuata hadi pale, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kamuulize baba yako. Mimi ananiambia sina imani."

Malolo iko wilayani Kilosa, katika lile bonde ambalo abiria wa mabasi ya Iringa hulikuta mbele baada ya kuiacha Mikumi, mibuyu imesimama kwenye miteremko mikavu. Juu ya mfereji ni vumbi na miiba. Chini yake, panapofika maji ya mto Mwega, ni kijani. Vitunguu vimeezeka bati nyumba nyingi huko na kuwapeleka watoto sekondari. Shamba lenye maji katika bonde kama lile huombewa, hurithiwa na hugombewa mahakamani. Baba mdogo alikuwa ameliuza lake kwa siku tatu.

Hakuwa mtu wa kudanganywa ovyo. Aliwahi kushika fedha za kikundi cha wakulima, na vitabu vyake vilikuwa safi. Dalali akija na gunia la lumbesa, baba mdogo aliweka mkono kwenye kile kichuguu cha juu akamwambia kipunguzwe au bei ipande. Sijamwona mchuuzi aliyemshinda pale shambani. Aliyemshinda ni mhubiri aliyekuja na jenereta, spika mbili, projekta na shuka jeupe la kuonyeshea picha.

Siku zenyewe zilikuwa za hofu ya kweli. Tarehe 21 Agosti mwaka ule gesi ya sumu iliua mamia ya watu, wakiwamo watoto wengi, katika vitongoji vya Ghouta, kandokando ya Dameski. Syria ilikuwa vitani tangu 2011, na redio zilitangaza kuwa Marekani inajiandaa kupiga. Mhubiri alifungua Isaya sura ya 17, pale nabii anaposema Dameski utakoma kuwa mji na kubaki rundo la magofu. Akawasha projekta. Kwenye shuka yakaonekana maghorofa yaliyochanika, na watu wa Malolo wakayaona kwa macho yao. Akasema mji hautafika Krismasi, na ukianguka tu, unyakuo unafuata. Aliyeshika shamba atabaki na shamba. Wauze, walete sadaka ya mwisho, wakangoje pamoja kambini.

Nilimkuta baba mdogo chini ya mwembe, Biblia mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wamekutuma unizuie?"

"Nimekuja kuuliza habari za miche."

"Miche ya kuvuna nani? Dameski hiyo inaungua."

Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu nilikuwa na la kumwambia, nikaona kubishana na mzee juu ya Maandiko ni utovu wa adabu. Ningemwomba afungue Wafalme wa Pili, sura ya 16, katika Biblia ileile aliyoipakata.

Habari yote imo humo. Resini mfalme wa Shamu, ambaye makao yake yalikuwa Dameski, na Peka mfalme wa Israeli waliungana kuuzingira Yerusalemu. Ahazi wa Yuda akaogopa, akachota fedha na dhahabu ya hekalu, akampelekea Tiglath-Pileseri wa Ashuru amsaidie. Waashuru wakaitwaa Dameski mwaka 732 kabla ya Kristo, wakawahamisha watu wake, wakamuua Resini. Isaya aliishi katika siku hizohizo. Ndiyo maana katika sura ileile ya 17 hukumu ya Dameski inatajwa bega kwa bega na ya Efraimu, yaani Israeli: wafalme wawili waliofunga agano la vita, anguko moja. Wasikilizaji wa kwanza wa Isaya hawakuhitaji projekta.

Mji ukainuka tena. Zaidi ya miaka 100 baadaye Yeremia anautaja kama mji wenye watu na majumba. Mtume Paulo aliingia Dameski akiongozwa kwa mkono, kipofu, akafikia nyumba iliyokuwa kwenye njia iitwayo Nyofu, na njia hiyo ingali inapitwa na watu hadi leo. Mwaka 661 Bani Umayya waliufanya makao makuu ya dola yao. Ndani ya msikiti wao mkuu kuna kaburi linaloheshimiwa na Waislamu na Wakristo kuwa la kichwa cha Yahya, Yohana Mbatizaji.

Wako Wakristo waaminifu, wasiotaka shamba la mtu, wanaosema utabiri ule haujatimia wote, kwa kuwa mji haukufutika kabisa. Siwezi kuwadharau. Lakini hata wao hawana tarehe. Yesu mwenyewe, katika Mathayo 24, alisema siku ile haijulikani na mtu wala malaika. Anayekutajia mwezi amejipa ujuzi ambao malaika hawana, na akikutajia mwezi huku amekunjua mkono kupokea bei ya ardhi yako, shika hati yako uondoke.

Tena kuna nabii ambaye ningetamani baba mdogo angesomewa usiku ule badala ya zile picha. Yeremia alifungwa katika ua wa walinzi kwa kutangaza kwamba Yerusalemu utaanguka. Na hakukosea: majeshi ya Babeli yalikuwa tayari yameuzingira mji, na mwisho wake ulikuwa wa miezi, si wa karne. Katika hali hiyo binamu yake Hanameli akamjia amuuzie shamba la Anathothi, na Bwana akamwagiza Yeremia alinunue. Akapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, akaandika hati, akaita mashahidi, akamwagiza Baruku azitie hati katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi, kwa kuwa mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Nabii wa kweli wa maangamizi alitumia fedha yake kununua shamba. Sura ni ya 32. Nimeisoma mara nyingi tangu 2013, na kila mara naona karatasi za mauziano za baba mdogo juu ya meza ya kijiji.

Afrika Mashariki tumekwisha kulipa bei kubwa kuliko ekari moja na nusu. Kanungu, Uganda, wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliambiwa dunia inakwisha na mwaka 1999. Wengi waliuza mali zao. Mwaka ukapita, na tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea ndani ya jengo lililopigiliwa misumari, kisha yakafukuliwa makaburi mengine. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo. Waendesha mashtaka wanasema watu hao walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho. Mhubiri Paul Mackenzie ameshtakiwa na amekana. Watu huanza kwa kuacha vitu vidogo: shule, dawa, zamu ya maji.

Baba mdogo alirudi kutoka kambini Februari 2014, amekonda, ana begi moja. Mhubiri alikuwa ameondoka na vyombo vyake usiku. Mama mdogo hakumsema. Alikuwa amekodi robo ekari, amepanda miche ya kununua, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa palizi. Alimpa maji ya kuoga, akampa ugali, kesho yake akampa jembe.

Tarehe 8 Desemba 2024 nilikuwa kwao. Redio ikatangaza kuwa waasi wameingia Dameski na Bashar al-Assad ameikimbia nchi. Mji ulibadilika mikono karibu bila kubomolewa, na ripota alieleza watu wanavyomiminika barabarani. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Akauliza mji umebaki watu wangapi. Nikamwambia ni mamilioni, baba. Akakaa kidogo, akavaa mabuti yake, akaenda kuziba tuta lililopasuka kwenye jaruba analokodi kila msimu, palepale palipokuwa shamba lake.