Kwa Nini Tunauamini Mfupa Kuliko Mdomo?

Ukinichimbua miaka elfu moja kutoka leo, utajua nilikuwa mtu wa ugali na githeri. Hutahitaji daftari langu wala picha za simu yangu. Utakata kipande kidogo cha mfupa, ukiloweke kwenye asidi hafifu hadi madini yayeyuke, ubaki na kolajeni, ile protini inayoushikilia mfupa. Utaichoma ndani ya mashine na kupima kaboni na naitrojeni iliyomo. Basi, umenipata.

Siri iko kwenye isotopu, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito. Mahindi, mtama, wimbi, miwa na nyasi za nchi zenye joto hutumia kaboni ya hewani kwa njia moja. Maharagwe, viazi, nduma, ndizi, ngano na mchele kwa njia nyingine. Tofauti hiyo huhama kutoka kwa mmea hadi kwa anayeula, na hubaki mfupani hata akifa. Naitrojeni nayo hueleza ulikula kutoka ngazi gani: anayeishi kwa nyama na maziwa huwa na naitrojeni nzito kuliko anayeishi kwa nafaka. Mwaka 1986, Stanley Ambrose na Michael DeNiro walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa mifupa ya watu wa Afrika Mashariki na Kusini, wakaonyesha kwamba kwa vipimo hivi viwili unaweza kumtenga mfugaji na mkulima.

Ni kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Kinachonisumbua ni ile ahueni tunayoisikia watu wanapoisimulia: ati sasa tumepata shahidi asiyesema uongo. Wazee husahau, vitabu huandikwa na washindi, lakini mfupa ni mfupa. Hebu tuuhoji huo mfupa kidogo.

Kwanza, hujibu swali dogo sana. Kaboni peke yake haiwezi kumtofautisha aliyekula mtama na aliyekunywa maziwa ya ng'ombe wa malisho, kwa sababu mtama na nyasi ziko kundi moja. Naitrojeni haitenganishi nyama na maziwa ya mnyama yuleyule. Tena kolajeni ya mtu mzima hujengwa upya polepole, kwa miaka kumi au zaidi, kwa hivyo mfupa hutoa wastani. Njaa ya miezi minne inaweza kupotelea humo kabisa. Mzee akichanganya mwaka 1954 na 1955, tunasema kichwa kimechoka. Mfupa ukichanganya miaka kumi, tunauita data.

Pili, si kila mtu huacha mifupa. Hapa Nyeri, Wakikuyu wa zamani hawakuwa wakizika kila mtu. Wachache walizikwa, hasa wazee wenye mali na watoto. Wengine walilazwa kichakani, fisi wakamaliza kazi. Ongeza udongo wetu mwekundu wa volkano, wenye asidi inayokula mifupa. Ndiyo maana mengi tunayojua kuhusu vyakula vya kale nchini Kenya yametoka Bonde la Ufa na mapangoni. Kama mfupa ndiye shahidi pekee wa kuaminika, basi watu wa mlima huu hawakuwahi kula.

Sasa nataka kuwatendea haki wanaonipinga, kwa sababu wana hoja. Kuna wakati mfupa na jino ndio mashahidi pekee waliobaki. Huko Ireland, njaa kubwa ya 1845 hadi 1852 iliua takriban watu milioni moja. Kilkenny yaligunduliwa makaburi ya pamoja ya watu waliofia katika nyumba ya maskini, watu ambao hakuna aliyewahi kuandika habari zao. Mwaka 2016, Julia Beaumont na Janet Montgomery walichapisha uchunguzi wao wa mifupa na meno yao. Jino hukua kwa tabaka, kwa hivyo lina mpangilio wa wakati ambao mfupa hauna. Ndani ya tabaka hizo walikuta alama ya mahindi, yale yaliyoletwa kutoka Marekani kama chakula cha msaada. Walikuta pia naitrojeni iliyopanda, kwa sababu mwili wenye njaa huanza kujila wenyewe. Mtu aliyekufa bila jina amesikika baada ya zaidi ya miaka 150. Nani atasema hilo ni jambo dogo?

Lakini wale wa Kilkenny hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Sisi tunao.

Kuanzia 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja wa eneo hili na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na mitaro. Shosho yangu alikuwa msichana mdogo. Anasema kuna siku walipewa saa moja tu ya kutoka kwenda shambani, na ukichelewa unalala njaa au unapigwa. Amesimulia hayo mezani mara nyingi, na kila mara kuna kijana fulani wa kwetu anayeuliza, kwa upole tu, "Shosho, una uhakika ilikuwa saa moja?" Hakuna anayemuuliza mfupa hivyo.

Na si nyumbani peke yake. Wazee walioteswa wakati wa hali ya hatari walisimulia kwa miaka mingi. Mwaka 2009 baadhi yao wakafika Mahakama Kuu ya London. Kesi ilipata nguvu kubwa mwaka 2011, serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba ilikuwa na mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ikaeleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228. Nafurahi walilipwa. Lakini fikiria: walioumizwa walisema, wakatiliwa shaka, karatasi ya waliowaumiza ikasema yaleyale, ikaaminika.

Naona mfupa na karatasi vina sifa moja tunayoipenda kuliko ukweli wake: havitudai kitu. Mfupa hauombi nauli ya matatu kutoka Mukurwe-ini. Haulii katikati ya mahojiano. Haukuulizi shamba lake liko kwa nani sasa. Mtu aliye hai anayo hayo yote, na ukishamwamini huwezi kuinuka na kwenda zako kama mtu aliyesoma matokeo ya maabara.

Simaanishi kila anachosema mzee kichukuliwe bila kupimwa. Namaanisha kipimo kiwe kimoja. Tunajua mipaka ya kolajeni na bado tunaiheshimu. Tujue mipaka ya kumbukumbu na tuiheshimu vilevile. Mashine inaweza kugundua kwamba mtoto alilala njaa. Aliyefunga lango la kijiji, na jirani aliyepitisha viazi chini ya uzio, hawamo kwenye kaboni yoyote.

Waliokuwa watoto mwaka 1954 sasa wako juu ya miaka sabini na themanini, huko Tetu, Othaya, Karatina na Kerugoya. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Mwaka huu bado wapo, na wengi wao wanapatikana nyumbani baada ya saa nane.