Kuongeza Chumba, Kuchimba Msingi
Somo: Waefeso 2:19-22



Kampala ni mji wa vilima na mabonde ya kinamasi, kama kule Bwaise. Fundi mwema akitaka kuongeza chumba kwenye nyumba ya zamani, kwanza huchimba kando ya msingi wa zamani aone umefika wapi. Nyumba ile imekwisha kushuka na kutulia. Chumba kipya bado kitashuka. Kikijengwa juu ya udongo laini, ufa hutokea pale kuta mbili zinapokutana. Tena fundi hachimbi chini ya msingi wa zamani kwa pupa, asije akaangusha yote.

Ndugu, nyumba hiyo ndiyo kanisa letu. Wengine wetu tulikimbia Kongo miaka mingi iliyopita, tumekwisha kutulia. Wengine wamekuja baada ya Goma na Bukavu kutekwa mwaka 2025. Sasa tunasikia manung'uniko: "Wageni wametunyang'anya kwaya." "Wenyeji wanatudharau." Huo ndio ufa. Tusiupake chokaa.

Paulo aliwaandikia Waefeso, Wayahudi na watu wa Mataifa, kwamba Kristo ndiye jiwe la pembeni. Jiwe hilo hushika kuta zote mbili. Basi tuchimbe: Jumapili hii, baada ya ibada, kila jamaa ya zamani iketi na jamaa moja mpya, isikilize waliyoyapitia. Tuwape muda wa kutulia. Nao wageni wasibomoe yaliyojengwa kwa machozi.

Mungu awabariki. Amina.