Je, Aliyeokolewa Ana Deni?

Kila mwaka, tufundishapo methali, hufika zamu ya ile isemayo kwamba shukrani ya punda ni mateke. Wanafunzi huifurahia, nao huandika insha juu ya watu waliosahau fadhila: mtoto aliyesomeshwa akamkana mlezi wake, maskini aliyelishwa akamsengenya aliyemlisha. Hatukumbuki hata mmoja aliyeuliza punda yule alibebeshwa nini kabla hajapiga teke. Nasi tulizisahihisha insha hizo miaka mingi bila kuuliza, mpaka tulipomchukua mbwa.

Alikuwa mbwa koko jike, wa umri wa miaka miwili hivi, aliyeokotwa barabarani hapa Kigali akiwa na kovu la waya shingoni. (Neno hilo “koko” wasomaji wetu wanalijua: ni jina la mbwa asiye na mwenyewe wala asili inayojulikana, na aghalabu ni tusi pia.) Mama mmoja wa Kimironko alikuwa akimlea kwa muda hadi apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Alituonya: msimtazame machoni, msimwinamie, kaeni kando mmwache aje mwenyewe. Tuliitikia kwa kichwa, kama wafanyavyo wanafunzi ambao hawakusikia.

Tulimwita Tulia. Baadaye tulitambua kwamba jina hilo, kisarufi, ni amri.

Siku nane za kwanza alikaa chini ya meza ya jikoni, akila usiku tu, watu wakiisha kulala. Siku ya tisa walitutembelea walimu wenzetu, nasi tukataka wamwone. Tulimvuta kwa kamba. Hakubweka wala hakuuma; alijibana sakafuni, akakojoa, akageuza uso ukutani. Wageni walitusifu kwa huruma yetu. Baada ya hapo hakula siku mbili. Hatuna budi kukiri kwamba tulikasirika, tukasema kwa sauti kuwa mbwa huyu hana shukrani. Ndipo tulipoisikia methali ile ikitoka kinywani mwetu wenyewe.

Shukrani hudaiwa kwa aliyeomba akapewa. Huyu hakuomba. Tulimtoa katika nyumba aliyokwisha kuizoea kwa sababu sisi tulitaka mbwa, na pengine kwa sababu tulitaka kujiona wema. Mwenzetu mmoja alitujibu kwamba anayelisha ana haki ya kutumikiwa. Jambo hilo lina kweli kwa mbwa wa ulinzi aliyefunzwa kazi. Lakini kuaminiwa si kazi ya kulipwa kwa ugali na dagaa. Ikiwa palikuwa na deni, basi lilikuwa letu, nalo lilikuwa la kungoja.

Lililotusumbua zaidi, hata hivyo, halikutoka kwa mbwa. Ukuta kwa ukuta nasi, hapa Nyamirambo, anaishi bibi mmoja mzee sana. Aliposikia tuna mbwa aliacha kupita mlangoni petu, akawa anazunguka njia ndefu kwenda dukani. Kwa kuwa ni Mwislamu, tulidhani ni habari ya najisi, tukaenda kumweleza kwamba mbwa hatoki nje. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, mimi nilikuwapo hapa mwaka ule.”

Mwaka ule ni 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliacha maiti njiani, na mbwa wakazila. Askari waliwapiga mbwa hao risasi, na kwa miaka mingi baadaye mbwa walikuwa adimu mjini. Vijana wetu hawajui kwa nini baadhi ya wazee hawapendi kusikia mbwa akibweka usiku. Hata sisi, tuliokulia Ngara, ng’ambo ya mpaka, tukaja Kigali baadaye, hatukuwa tumefikiri.

Hatumlinganishi binadamu na mnyama. Afanyaye hivyo mbele ya bibi yule amekosa adabu. Twasema tu kwamba ulimini mwetu palikuwa na maneno yale yale: usiogope, huyu ni mpole, atakuzoea. Yaani tulikuwa tayari kumwamrisha naye atulie. Tulinyamaza. Tuliweka uzio wa mabati uani na komeo jipya langoni, tukamwambia kwamba akitaka mbwa aondoke, tutamrudisha Kimironko. Hakutaka. Wala hakusema kwamba ameridhika.

Sasa ni mwezi wa saba. Tulia hula mchana na hulala kizingitini pa jikoni. Jioni moja, tulipokuwa tukisahihisha madaftari, aliweka kidevu juu ya kiatu chetu. Tulipoinamisha kichwa tumtazame, akaondoka. Bibi naye amerudi kupita mlangoni petu asubuhi, upande wa pili wa njia. Husimama akauliza, “Mwalimu, amefungwa?” Nasi hujibu, “Amefungwa, bibi.” Kisha hungoja mpaka asikie komeo, ndipo apite.