Kila Taa na Fyuzi Yake



Fungua boneti ya Land Rover ya miaka ya 1960, zile za modeli ya 109 ambazo bado zinabeba mbao na viazi huko Kilolo na Mufindi. Utakuta fyuzi chache tu, na taa kubwa za mbele hazimo. Umeme wake unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi na kwenda moja kwa moja hadi kwenye taa, bila fyuzi yoyote ya kuukata. Waundaji walikuwa na sababu. Fyuzi moja ikikatika usiku, taa zote mbili zinazimika kwa pamoja na dereva anabaki gizani, gari likiwa kwenye mwendo. Aliyewahi kushuka Mlima Kitonga usiku, malori yakipishana kwenye kona na bonde likiwa ubavuni, anaielewa hofu hiyo.

Ila hofu hiyo ilizaa hatari nyingine. Waya wa taa unapita kwenye tundu la bati. Pale huwekwa mpira wa kuukinga, na baada ya miaka hamsini ya vumbi na makorongo mpira huo umeshaoza. Bati linaukwangua waya taratibu hadi shaba inatokeza na kugusa bodi. Hiyo ndiyo shoti. Betri inamwaga nguvu zake zote kwa mkupuo, waya unawaka mwekundu na kuunguza nyaya zote zilizofungwa pamoja nao. Taa ambazo zilinyimwa fyuzi ili zisizimike, zinazimika, na gari linaungua.

Mafundi umeme wa Mwanjelwa watakuambia kwamba kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, wala si balbu. Balbu ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 5. Dereva anayesumbuliwa na ukungu wa Kawetire, kwenye barabara ya Chunya, anafunga balbu za wati 100, na sasa taa mbili zinavuta karibu ampea 17 kwenye waya uleule wa zamani. Waya haulalamiki. Ganda lake linageuka kahawia, linakuwa gumu, na siku ukilikunja linapasuka mkononi. Hata penye fyuzi, ikikatika wapo wanaoizungushia karatasi ya sigara, ile ya fedha ya ndani ya pakiti, ili safari iendelee. Gari linatembea, naam, lakini kilichoikata fyuzi bado kimo mle ndani.

Nayawaza haya kwa sababu ya watu wetu. Karibu kila mtaa una mama mmoja ambaye ni mhazini wa kina mama, anaimba kwaya, anapika kwenye kila msiba, anauguza mama mkwe, analea wajukuu, na mahindi yake yanasubiri palizi. Siku moja anasema, “Mchungaji, mwezi huu sitaweza.” Nasi tunamjibu, “Jikaze mama, Mungu atakutia nguvu.” Tunaomba naye kidogo, kisha tunamrudishia daftari la michango. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo karatasi ya sigara, na inaniuma zaidi kwa kuwa tunaizungusha kwa jina la Bwana.

Someni Kutoka sura ya 18. Musa aliketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni. Yethro mkwewe, aliyekuja kumtembelea, aliona hatari ambayo wenyeji walishaizoea. Hakumwambia aongeze bidii. Alimwonya kwamba atachakaa, yeye pamoja na watu wake, akamshauri aweke viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Makubwa yabaki kwake, madogo wayaamue wao. Musa akamsikiliza.

Mafundi nao walifika hapohapo. Dawa ya ile hofu ya giza ni kuipa kila taa fyuzi yake. Ya kushoto ikikatika, ya kulia inaendelea kumulika na unafika Ilula salama. Watengenezaji wengi wa magari wa Marekani waliweka breka ndani ya swichi ya taa: ikipata joto inakata, ikipoa inarudisha, taa zinawaka na kuzima, na dereva anapata nafasi ya kuegesha pembeni.

Najua mtu ataniuliza, mbona Kristo alijitoa pasipo kipimo? Ni kweli. Lakini soma Yohana 10:18: uhai wake aliutoa mwenyewe, hakuna aliyemnyang’anya. Na katika Marko 6:31, wanafunzi walipokosa hata nafasi ya kula kwa wingi wa watu, aliwaita kando wapumzike. Mtu anaweza kuchagua kujimaliza kwa ajili ya wengine. Sisi hatuna ruhusa ya kumchagulia.

Wazee wa kanisa, kikao cha Jumanne tuanze na orodha ya huduma zote na majina ya wanaozibeba. Jina litakalojitokeza mara tatu, mzigo wake tuugawe kabla hatujafunga kikao. Na ninyi wenye magari ya zamani, yapelekeni kwa fundi kabla ya masika: rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) karibu na betri, mpira mpya kwenye kila tundu la bati, na fyuzi yenye kipimo cha waya, si cha tamaa ya mwanga.